Usione Vyaelea: Historia Fupi ya Kuinua Pikapu za Jangwani

Utangulizi

Chini ya pikapu nyingi zilizoinuliwa kuna ringi ya chuma inayozungushwa kama nati. Fundi akiizungusha upande mmoja, gari hupanda. Akiizungusha upande wa pili, gari hushuka. Ringi hiyo ni sehemu ya koilova, yaani springi ya koili iliyovikwa juu ya shokapu ili viwili hivyo vifanye kazi kama kifaa kimoja. Insha hii inachunguza jinsi uwezo wa kubadili kimo cha gari ulivyotoka kwenye mashindano ya jangwani hadi kufika mikononi mwa dereva wa kawaida. Hoja yangu ni kwamba wanamashindano walitafuta nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, na kimo kilikuja kama gharama ya nafasi hiyo. Gharama hiyo waliilipa kwa kupanua gari. Wengi walioiga baadaye walichukua kimo wakaacha upana. Matokeo yake yanahusu uhai wa watu, kwa sababu gari refu lisilo na upana hupinduka kwa urahisi zaidi.

Zama za springi za bapa

Magari ya kwanza yaliyojulikana duniani kwa kwenda pasipo na barabara, kama vile jeep ya Willys ya mwaka 1941 na Land Rover ya mwaka 1948, yalikalia springi za bapa, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Aliyetaka gari lake lipande alikuwa na njia chache. Aliongeza bapa moja, au aliweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, au alifunga vishikizo virefu zaidi kwenye ncha za springi.

Njia hizi zilitoa kimo, lakini hazikumwongezea dereva utulivu. Bapa likiongezwa, springi huwa ngumu zaidi, na gurudumu hushindwa kufuata shimo na kifusi. Hapo ndipo mafundi walipopata somo la kwanza: gari linaweza kuwa juu na bado likawa baya kwenye njia mbovu. Kimo husaidia tumbo la gari lisigonge jiwe. Kinachosaidia tairi libaki ardhini ni mwendo wa gurudumu, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kusafiri kutoka chini kabisa hadi juu kabisa.

Baja California: jangwa kama shule

Rasi ya Baja California nchini Meksiko ndiyo iliyofundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1962 Dave Ekins na Bill Robertson Jr. walisafiri kwa pikipiki za Honda kutoka Tijuana hadi La Paz, na Ekins alifika kwa muda usiozidi saa 40. Mwaka 1967 yakaanzishwa mashindano rasmi katika njia hiyo ya zaidi ya kilomita 1,300. Washindi, Vic Wilson na Ted Mangels, walitumia saa 27 na dakika 38. Gari lao lilikuwa Meyers Manx, gari dogo la bodi ya faibaglasi lililojengwa juu ya chesisi iliyofupishwa ya Volkswagen Beetle.

Volkswagen hiyo haikuwa na koili wala bapa kama za Land Rover. Magurudumu yake ya nyuma yalitegemea fito za chuma zinazosokotwa. Kila fito ilikuwa na meno 40 kwenye ncha ya ndani na meno 44 kwenye ncha ya nje. Fundi aliyezungusha ncha ya ndani kwa jino moja, kisha akarudisha ya nje kwa jino moja upande wa pili, alipata badiliko la chini ya digrii moja. Kwa hiyo, kurekebisha kimo kwa vipimo vidogo kulikuwako kabla ya koilova kuenea. Tofauti ni kwamba kazi ile ilimlazimu fundi kufungua gari na kupiga hesabu kabla ya kugusa chochote.

Mwaka 1971 na 1972 Parnelli Jones, akiwa na Bill Stroppe, alishinda kwa Ford Bronco iliyoitwa Big Oly. Ushindi wa 1971 ulichukua saa 14 na dakika 59. Ni kweli kwamba kufikia wakati huo mashindano yalianzia Ensenada badala ya Tijuana, kwa hiyo njia ilikuwa fupi kidogo. Hata hivyo, muda ulikuwa umepungua karibu kwa nusu ndani ya miaka minne. Gari lile lilionekana kama Bronco ya dukani, lakini chini ya bodi palikuwa na fremu ya mabomba iliyoundwa upya. Hapa methali yetu inafaa: usione vyaelea, vimeundwa.

Baada ya hapo mafundi wa jangwani walirefusha mikono inayoshika gurudumu. Mkono mrefu ukipanda na kushuka kwa pembe ileile, hulipa gurudumu mwendo mkubwa zaidi. Vilevile husukuma gurudumu nje, na gari huwa pana. Mashindano ya Baja yalipoanzisha daraja la Trophy Truck mwaka 1994, magari ya daraja hilo yalikuja kuwa na mwendo wa zaidi ya sentimita 60 kwenye magurudumu ya mbele. Hayo ni magari marefu kwa kimo, lakini yanasimama kama mtu aliyetanua miguu.

Mfano wa nyumbani

Historia ya Afrika Mashariki inathibitisha jambo hilo kwa njia yake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968, miaka ambayo Nick Nowicki alishinda, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Peugeot 404 ilikuwa gari la familia, na mtu mzima aliweza kuangalia juu ya paa lake bila shida. Lakini ilikuwa na springi za koili mbele na nyuma, zilizoruhusu magurudumu kupanda na kushuka kwa upole. Tope na mashimo ya nchi zetu hayakushindwa kwa kimo peke yake.

Ringi yafika kwa mteja

Pikapu za Toyota zilizouzwa Marekani kuanzia 1986, zile zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, zilitumia fito za kusokotwa. Boliti moja kwenye kila fito ilitosha kubadili kimo cha mbele. Tacoma ya mwaka 1995 ilileta springi ya koili iliyovikwa juu ya shokapu. Ikawa rahisi kutoa kifaa cha kiwandani na kufunga koilova yenye ringi ya kurekebishwa. Mwenye gari sasa aliweza kufanya kwa spana, uani kwake, kazi iliyokuwa ya timu za mashindano.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kwanza fundi hupima umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwa sababu kipimo cha kutoka ardhini hubadilika kwa upepo wa tairi. Kisha huinua gari kwa jeki, huliweka juu ya stendi imara, na kuacha magurudumu yaning'inie ili springi ipunguziwe mzigo. Husafisha nyuzi za koilova kwa brashi, hulegeza kifungio, huzungusha ringi huku akihesabu mizunguko, na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Gari likishushwa, hulisukuma mbele na nyuma ili likae sawa, ndipo hupima tena. Katika pikapu nyingi, ringi ikisogea sentimita 1, bodi hupanda karibu sentimita 2, kwa kuwa koilova hushika mkono katikati na si penye gurudumu. Mwisho kabisa ni kupima alaimenti, maana kila badiliko la kimo hugeuza pembe za magurudumu.

Kuna imani iliyoenea kwamba kukaza ringi huifanya springi iwe ngumu. Ugumu wa springi ya kawaida ya koili hutokana na unene wa waya, upana wa koili na idadi ya mizunguko yake. Ringi haibadili lolote kati ya hayo. Ringi hupandisha gari kwa kula mwendo wa gurudumu wa kushuka. Ikikazwa kupita kiasi, shokapu hufika mwisho wake kila gurudumu linapoingia shimoni, na dereva husikia mgongo mkali akidhani ni ugumu wa springi. Wakati huohuo jointi za shafti hufanya kazi kwa pembe kali na huchakaa mapema. Mafundi wazoefu hubakiza takriban theluthi moja ya mwendo wote kwa ajili ya kushuka. Kimo kisipopatikana ndani ya kiasi hicho, dawa yake ni springi nyingine.

Hesabu ya kupinduka

Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilianza kutangaza viwango vya hatari ya kupinduka kwa magari mapya. Msingi wake ni hesabu rahisi: umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, ugawanywe kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Magari mengi madogo hupata kati ya 1.30 na 1.50, pikapu na magari marefu hupata kati ya 1.00 na 1.30. Jibu likiwa dogo, hatari ni kubwa.

Tuchukue pikapu ya mfano yenye umbali wa mita 1.60 kati ya tairi, na kitovu cha uzito kilicho mita 0.70 juu ya ardhi. Jibu ni 1.14. Kitovu kikipanda sentimita 7 tu, jibu hushuka hadi 1.04. Lakini tairi zikitanuliwa pia hadi mita 1.80, jibu hurudi 1.17, juu ya lile la mwanzo. Watu wa jangwani walifika hapo kwa uzoefu kabla ya hesabu kutangazwa. Hata Ford ilipotoa pikapu ya Raptor ya mwaka 2010, yenye koilova na mwendo wa karibu sentimita 28 mbele, iliifanya iwe pana kwa zaidi ya sentimita 15 kuliko F-150 ya kawaida.

Hitimisho

Historia hii ni ya maarifa kuhama bila masharti yake. Timu ya Baja ilikuwa na ringi, mikono mirefu, fremu mpya na dereva aliyejua gari lake. Mteja aliuziwa ringi. Katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu, pikapu zinazopita bandari za Mombasa na Dar es Salaam hubeba abiria na mizigo juu, jambo linaloinua zaidi kitovu cha uzito hata kabla fundi hajashika spana. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gari lipande kiasi gani, ni haki kuuliza litabeba nani, na limetanua miguu kiasi gani.