Chevda

Chevda ni kitafunwa kikavu cha Kihindi, chenye pilipili na kinachovunjika mdomoni, kinachotengenezwa kwa mchele bapa, karanga na dengu. Asili yake ni India magharibi. Wahamiaji kutoka Gujarat walikuja nacho Afrika Mashariki, na huuzwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam.

Matayarisho. Mchele bapa ni mpunga uliolowekwa, ukakaangwa na kupondwa. Pepeta ya pwani ni ndugu yake. Mafuta huwa tayari pale punje moja ikitumbukizwa inapopanda juu papo hapo. Mchele hukaangwa gao kwa gao, kwa sekunde chache, ukachujwa kabla haujageuka rangi. Karanga na dengu zilizolowekwa kisha kukaushwa hufuata. Mwisho, haradali, majani ya mvuje na pilipili kavu hukaangwa kwa mafuta kidogo. Manjano, chumvi na sukari huongezwa, na vyote huchanganywa. Chevda ipoe kabisa kabla ya kufunikwa, kwani mvuke huilainisha.

Maniema kusini. Viungo vikuu vya chevda hupatikana pia katika mkoa huu wa mashariki mwa Kongo. Mpunga uliingia Kasongo na Kabambare katika karne ya 19 pamoja na Waungwana, yaani Waafrika Waislamu wenye utamaduni wa Kiswahili, wa misafara ya pwani. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Unguja, na mwaka 1893 ilitekwa na majeshi ya Dhanis, ofisa wa Dola Huru ya Kongo. Mpunga na karanga bado hulimwa huko, kwa hiyo nguzo mbili za chevda hutoka shambani. Mafuta ya karanga yanafaa zaidi kuliko mawese, ambayo huipa chevda rangi nyekundu na ladha nzito.