Ukitaka Kuijua Mombasa, Usianzie Ngomeni

Mgeni akifika Mombasa hupelekwa mahali pawili: kwenye pembe za Moi Avenue apige picha, kisha Fort Jesus. Watoto wetu wa shule nao huzungushwa vivyo hivyo. Pembe zile ni za miaka ya 1950, zilisimamishwa kuwapokea wageni wa kifalme wa Uingereza. Ngome ilianza kujengwa 1593. Mtu akiishia hapo hurudi kwao akidhani mji huu ulianza na Wareno.

Sivyo. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akakuta watu wa dini na misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Vasco da Gama alifika 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji akauchoma. Na hauchomwi mji ambao haupo.

Kwa hiyo mimi nikiwa na mgeni namzungusha kwa kufuata umri wa mahali, kuanzia la kale zaidi.

Mnara wa Mbaraki

Uko upande wa kusini-magharibi wa kisiwa, si mbali na kivuko cha Likoni. Ni nguzo ya mawe ya matumbawe, na ubavuni mwake pana msikiti ambao asili yake ni ya karne ya 15. Kwa miaka mingi watu walikwenda pale kuweka nadhiri, kufukiza ubani na kumwaga marashi. Watalii ni wachache, kwa hiyo utapata utulivu wa kutazama. Ukimaliza, tuktuk itakufikisha Mji wa Kale kwa muda mfupi.

Msikiti wa Mandhry

Huu uko Barabara ya Mbarak Hinawy, iliyopewa jina la aliyekuwa liwali wa Pwani. Ulijengwa 1570, yaani miaka 23 kabla ya jiwe la kwanza la ngome, na hadi leo watu wanaswali ndani. Utautambua kwa mnara wake mnene chini, unaopungua kadiri unavyopanda, mtindo wa Waswahili wenyewe. Ng'ambo ya njia kuna kisima. Usiingie bila idhini, vaa nguo za heshima, na usipige picha za wanaoswali.

Ngome ya Yesu

Sasa ndiyo nenda ngomeni. Ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikakamilika 1596. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Wengi hupita mbio wakitazama mizinga tu; nenda taratibu. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno na kubatizwa, aliwageuka akaiteka ngome. Wareno walirudi mwaka uliofuata. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mazingira hayo yalidumu karibu miaka mitatu, njaa na maradhi yakiua watu ndani, hadi ilipoanguka Desemba 1698. Baadaye wakaja Mazrui, kisha Seyyid Said 1837, kisha Waingereza walioifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1962, na UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011.

Usitoke kabla hujaona michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno, Ukumbi wa Mazrui, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, chukua kitambulisho.

Bandari ya Kale na Leven House

Kabla ya Kilindini, jahazi zote zilitia nanga Bandari ya Kale. Karibu nayo ipo Leven House, iliyopata jina kutokana na manowari ya Kapteni Owen aliyekuja 1824. Humo alikaa mmisionari Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882 ikiwa imejaa maneno ya Kimvita.

Ndia Kuu

Malizia hapa kwa miguu, alasiri jua likipoa. Jina lenyewe ni Kimvita: ndia ni njia. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao, kisha keti barazani unywe kahawa tungu. Ongea na wazee, maana wao wanajua nyumba ipi ilikuwa ya nani.

Na hapa ndipo penye neno langu. Ngome ina ukuta, ina askari, ina kiingilio. Itabaki. Kinachotutoka mikononi ni nyumba. Kila ninapopita naona roshani iliyooza ikibomolewa, mlango wa nakshi umeondoka na geti la chuma limewekwa mahali pake, au ghorofa ya saruji imechomoza juu ya paa za jirani. Sheria inamkataza mwenye nyumba kubadilisha sura yake bila kibali, na ni haki iwe hivyo. Lakini mbao ngumu ni ghali, mafundi wa chokaa na nakshi wamepungua, na nyumba moja huwa na warithi ishirini wasiokubaliana. Kumwambia mtu "usibomoe" bila kumsaidia kukarabati ni kumngoja paa limwangukie.

Maoni yangu ni kwamba sehemu ya kiingilio cha ngome itengwe kwa ukarabati wa nyumba za Mji wa Kale, na vijana wetu wafundishwe ufundi huo kwa malipo. Mtalii hulipa ngomeni, lakini mji anaouzungukia baadaye ni wetu, na sisi ndio tunaobeba gharama zake.

Kwa sasa, mpeleke mwanao. Mwanzishie Mbaraki, umpitishe Mandhry, ndipo umwingize ngomeni. Atajua mwenyewe nani alikuwapo kabla ya nani.