Karani Aliandika Mstari Mmoja: Ushirikishwaji wa Umma na Wajibu wa Kutoa Sababu

Mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu ya Kenya aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013. Kaunti ilikuwa imetangaza gazetini, ikaona imetimiza wajibu. Jaji hakuridhika: umma hufuatwa unakokutana, makanisani, misikitini, barazani na kwenye redio za lugha za mama. Tangu hapo mjadala wetu umekuwa wa kumfikia mwananchi. Tangazo lilitoka lini? Kikao kilifanyika wapi? Ni maswali halali, ila yanakoma mwananchi anaporudisha kipaza sauti, na hapo ndipo shida kubwa zaidi inapoanzia.

Nilipata kuhudhuria kikao kimoja cha namna hiyo, katika ukumbi uliojaa viti vya plastiki. Nakala za mswada wa ushuru zilikuwa chache, tena za Kiingereza kitupu. Mama mmoja muuza samaki hakugusa kifungu chochote. Alieleza bei ya mafuta ya kukaangia tangu Januari, mtungi kwa mtungi, na jinsi alivyopunguza vipande siniani ili bei ya kipande isipande. Nilikuwa nimeketi nyuma ya karani. Aliandika: "Anapinga ushuru."

Mama yule hakuwa ametoa msimamo, alikuwa ametoa ushahidi. Msimamo huhesabiwa tu, wangapi wanaunga mkono na wangapi wanapinga. Ushahidi hudai kupimwa: ni kweli au si kweli, na kama ni kweli, kifungu kibaki vilevile? Karani hakuwa mvivu. Hakuna aliyemtaka aandike zaidi, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kujibu.

Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi (Ibara ya 118), na mabunge ya kaunti vivyo hivyo (Ibara ya 196). Je, kushirikisha ni pamoja na kujibu? Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa, ilipobatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ilisema ndiyo: Bunge lizingatie maoni na litoe sababu za kuyakubali au kuyakataa. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Haikuona wajibu wa wazi wa kutoa sababu, wala haja ya kurudi kwa umma kila mswada unaporekebishwa baada ya vikao.

Katika hili la pili naikubali Mahakama ya Juu. Mswada ambao hauwezi kubadilika baada ya kusikiliza watu ulisikiliza wa nini? Ila kukubali hilo kunazidisha uzito wa lile la kwanza. Kama kifungu kipya chaweza kuingia baada ya vikao, mwananchi atajuaje kwamba kimezaliwa na maoni ya watu na si na mnong'ono wa mlangoni, asipoonyeshwa sababu?

Watakaopinga watasema maoni ni maelfu, na kamati haina muda. Lakini hoja hazifiki maelfu. Watu mia tano wanaolalamikia mafuta ya kula wana hoja moja, pengine mbili. Tena ripoti za kamati za Bunge la Kitaifa tayari huwa na majedwali: kifungu, pendekezo, sababu za mpendekezaji, uamuzi wa kamati. Anayenufaika zaidi nayo ni mwenye mhasibu na wakili wa kumwandikia waraka unaoingia sawasawa katika safu hizo. Aliyesimama ukumbini huishia katika aya moja ya "wananchi kwa jumla".

Kwa hiyo wajibu wa kutoa sababu haungeanza kufanya kazi mwishoni, ripoti inapochapishwa. Ungeanzia kwenye kalamu ya karani. Angejua kwamba kuna mbunge atakayelazimika kuijibu safu ile, naye angemwomba mama arudie: mtungi wa lita ngapi, na Januari ulikuwa shilingi ngapi?