Toba katika Uislamu: kumwomba Mungu msamaha hakumalizi deni la jirani

Kasongo, Kindu, Kisangani, Uvira, Bukavu, Goma: popote kwenye msikiti, neno toba linasikika, zaidi katika mwezi wa Ramadhani. Wakristo nao wanalitumia, njo maana wakaaji wengi wanafikiri maana yake ni moja tu pande zote mbili. Kwa sehemu ni kweli. Lakini katika Uislamu toba iko na masharti, na sharti moja linagusa mambo ambayo mashariki mwa Kongo yanajulikana sana: vitu vilivyoporwa, shamba lililochukuliwa wakati mwenyewe amekimbia vita, makuta ya watu yaliyoliwa, damu iliyomwagika.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, tawba, maana yake kurudi. Mtu alitoka njiani, sasa anarudi. Sura ya 9 ya Kurani inaitwa At-Tawba, na ni sura peke yake isiyoanza na Bismillahi. Katika sura ya 66, aya ya 8, waamini wanaagizwa watubu toba inayoitwa nasuha, yaani toba safi, isiyo ya mdomo tu.

Safi namna gani? Wanachuoni wamelieleza jambo hili kwa ufupi sana. Imamu Nawawi wa nchi ya Sham, aliyefariki mwaka 1277, aliandika kwamba kosa likiwa kati ya mtu na Mungu tu, masharti ni matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kukata shauri kutolirudia tena. Mtu anayesema ametubu ulevi na chupa bado iko mkononi, sharti la kwanza tayari limeanguka. Lakini kosa likimgusa mtu mwingine, linaongezeka sharti la 4: kumrudishia haki yake, au kumwomba akuachilie.

Hakuna padri katikati. Shehe hasikilizi maungamo, hana mamlaka ya kumsamehe mtu dhambi, na Mwislamu anafundishwa asitangaze aibu zake ambazo Mungu amezificha. Anaweza kutubu usiku, peke yake katika chumba. Mlango uko wazi mpaka roho ifike kooni. Sura ya 4, aya ya 18, inawakatalia wale wanaongoja kifo kiwe mbele ya macho njo waseme sasa wametubu.

Mfano ambao mashehe wanarudia mara nyingi ni wa Kaab bin Malik, mshairi na mtu wa Madina. Mwaka wa 9 wa Hijria, yaani 630, Mtume Muhammad alitoka na jeshi kwenda Tabuk. Jua lilikuwa kali, matunda yalikuwa yameiva. Kaab hakuwa mgonjwa wala maskini. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kuwa na nguvu na mali kama wakati ule. Kila siku alisema atajitayarisha kesho, mpaka jeshi likawa mbali.

Mtume aliporudi, watu zaidi ya 80 waliobaki walikuja na visingizio vyao, wakaapa, naye akawapokea kwa yale waliyosema. Kaab alikuwa fundi wa maneno, angeweza kutunga uongo mzuri kuliko wote. Akakataa. Akasema wazi kwamba hakuwa na sababu yoyote. Wenzake wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, nao wakasema kweli.

Malipo ya kusema kweli, kwa mwanzo, yalikuwa machungu. Watu wa Madina walikatazwa kuzungumza na hao watatu. Kaab alitembea sokoni bila mtu kumjibu salamu. Alipanda ukuta wa bustani ya binamu yake Abu Qatada, aliyempenda sana, akamsalimia, naye akanyamaza. Kisha ikafika barua ya mfalme wa Ghassan: aje kwake, huko atapewa heshima. Kaab akaitupa ndani ya tanuri. Pengine hapo njo toba yake ilionekana zaidi kuliko katika machozi, kwani mlango wa kutoroka ulikuwa wazi. Siku ya 50, baada ya sala ya alfajiri, mtu akapaza sauti kutoka mlimani kumpa habari njema: toba yao imekubaliwa. Habari yao iko katika sura ya 9, aya ya 118. Kwa furaha Kaab alitaka kutoa mali yake yote sadaka; Mtume akamwambia abakize sehemu.

Kosa la Kaab halikumnyang'anya jirani kitu. Yule aliyechukua cha mtu iko na kazi nyingine. Kama mwenye mali amekufa, inarudi kwa warithi wake. Kama ametafutwa na hakupatikana, jambo la kawaida mahali watu wamekimbia mara nyingi, wanachuoni wengi wanasema itolewe sadaka kwa jina lake. Anayeogopa kujitokeza anaweza kuituma kwa mkono wa mtu mwingine. Kinachohitajika ni mali ifike, si lazima sura ya mwizi ionekane.

Hata kwa wenye silaha iko sheria. Sura ya 5, aya ya 33 na 34, inazungumzia wanyang'anyi wa njiani, na inawatofautisha wale waliotubu kabla ya kukamatwa: adhabu ile nzito inaondolewa. Lakini wanasheria wengi wa Kiislamu wanasema kinachoondoka ni haki ya Mungu tu. Mali ya watu inabaki deni, na familia ya aliyeuawa inabaki na haki yake, kudai au kusamehe. Kwa hiyo mtu anayetoka porini na kuweka bunduki chini, hata akisali mstari wa mbele, hajamaliza na wale aliowatendea. Tena nchini Kongo makosa ya damu yanahukumiwa na tribinali za Serikali. Toba haichukui nafasi ya hakimu.

Swali hili si la leo tu. Uislamu uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, kama Tippu Tip, waliokaa Kasongo na Nyangwe. Walileta dini na Kiswahili, lakini walichukua pembe na watu. Deni la namna hiyo linarudishwa kwa nani?

Kwa asiye na uwezo wa kulipa mara moja, mlango haufungwi. Anaomba muda kwa mwenye haki, analipa kidogo kidogo, na anaandika deni katika wasia wake. Akifa, kabla watoto hawajagawana hata kiti kimoja, deni linatolewa kwanza.