Kugawa au kukodi? Kitenzi kilichopotea njia ndani ya tarakilishi

Mpwa wangu anawafundisha vijana kuandika programu katika chuo kimoja cha ufundi karibu na kwetu Tongaren. Likizo iliyopita alinijia na karatasi za mtihani kwapani, na hata kabla ya kuonja chai akaanza kunishtaki. "Mjomba, nyinyi watu wa istilahi mnatupa kazi." Kwani tumefanya nini? Akaniwekea karatasi mbele.

Alikuwa amewaeleza wanafunzi wake kwa Kiswahili kwamba programu ikihitaji nafasi zaidi huku tayari inaendelea kufanya kazi, mfumo endeshi huigawia kumbukumbu. Wengi wakaandika programu zinazoomba nafasi, zikaomba tena na tena, zisirudishe chochote mpaka mashine ikalemewa. Alipomuuliza mmoja wao sababu, kijana akajibu bila wasiwasi: "Mwalimu, si nimegawiwa? Sasa narudishaje?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kijana alikuwa amekosea kuhusu tarakilishi, lakini kuhusu Kiswahili hakukosea hata kidogo.

Huku kwetu kitenzi kugawa kina historia yake. Mwaka 1962, uhuru ukiwa umebisha hodi, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa kununua mashamba ya walowezi katika Nyanda za Juu, ule uliopata jina lake kutokana na ekari milioni moja zilizokusudiwa. Takriban familia 35,000 zilipata makao. Tongaren na majirani zake ni zao la skimu za enzi hizo. Shamba la mlowezi mmoja lilipimwa, likakatwa vipande, kila kipande kikapewa nambari, na mtu akaonyeshwa ploti yake. Mkopo ulilipwa kwa jasho, ila hakuna aliyetarajia siku moja kuirudisha ardhi yenyewe. Kugawiwa ni kupata moja kwa moja. Mtoto aliyekulia hapa akiambiwa "umegawiwa," anaelewa hivyo.

Desemba ya mwaka huo huo wa 1962, kule Uingereza, Chuo Kikuu cha Manchester kilizindua tarakilishi iliyoitwa Atlas. Kabla ya hapo mpangaji programu alilazimika kujua mapema nafasi yote atakayoitumia. Lugha ya FORTRAN, iliyotoka mwaka 1957, ilitaka utangaze ukubwa wa kila jedwali kabla ya programu kuanza. Ukikadiria kidogo, umekwama. Ukikadiria kingi, umepoteza nafasi ambayo wakati huo ilikuwa ghali mno. Atlas iliikata kumbukumbu kuwa kurasa zenye ukubwa sawa, na mfumo wake ukawa unazihamisha baina ya kumbukumbu ya ndani na ngoma ya sumaku bila programu kujua. Programu ikaona uwanja mpana kuliko uliokuwapo kweli. Tangu hapo, nafasi ambayo programu inaiona na nafasi iliyopo kwenye mashine si kitu kimoja tena.

Miaka miwili hivi kabla ya Atlas, John McCarthy alikuwa ameeleza katika makala yake ya 1960 kuhusu lugha ya Lisp jinsi ya kuweka orodha ya nafasi zilizo huru: programu huchukua kutoka orodha hiyo, na orodha ikiisha, mfumo wenyewe huzunguka ukitafuta nafasi ambazo hakuna anayezikumbuka tena, uzirudishe. Angalia kitenzi hapo. Zinarudi.

Sura ya jambo hili ambayo bado tunaitumia ilitoka Bell Labs nchini Marekani. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, una ombi moja dogo ambalo programu humpelekea mfumo endeshi, nalo ni kusogeza mpaka. Programu imepewa eneo lake la data. Mwisho wa eneo hilo pana alama. Ikitaka zaidi, inaomba alama isogezwe mbele. Basi. Mfumo hauulizi za nini. Ombi hilo lingali hai katika Linux, linaitwa brk.

Lakini kumwendea mfumo endeshi kwa kila baiti chache ni kama kufunga safari hadi ofisi ya ardhi Bungoma kila unapotaka kupanda mche mmoja wa sukuma wiki. Kwa hiyo akawekwa mtu wa kati. Katika toleo la saba la Unix, la 1979, mtu huyo anaitwa malloc, na mwenzake wa kupokea vinavyorudi anaitwa free. Malloc huchukua eneo kubwa kwa jumla kutoka kwa mfumo, kisha hulitoa kwa rejareja. Kila kipande hukiwekea kichwani maandishi mafupi ya ukubwa wake. Kikirudishwa, hukirejesha katika orodha ya vilivyo huru. Na jirani yake akiwa huru pia, huviunganisha viwe kimoja. Siku hizi programu ikiomba kipande kikubwa sana, malloc ya Linux haisogezi mpaka ule. Hutumia ombi jingine, mmap, ambalo huleta eneo la pembeni kabisa, nalo likirudishwa hurudi moja kwa moja kwa mfumo. Vipande vidogo huwa havirudi huko haraka. Hukaa kwa malloc vikisubiri mwombaji mwingine.

Eneo hilo la kuomba na kurudisha Waingereza waliliita kwa neno lao la lundo, hipu. Lugha ya Algol 68 ililifanya kuwa neno rasmi ndani ya programu yenyewe. Sisi tukatafsiri: lundo. Kisha eneo lile jingine la kumbukumbu, ambalo hupangwa kama sahani, ya mwisho kuwekwa ikawa ya kwanza kuondolewa, wengine wakaliita rundo. Jamani! Kwa wazungumzaji wengi lundo na rundo ni neno moja lenye matamshi mawili. Mpwa wangu anasema katika darasa lake hakuna anayejua tena lipi ni lipi, na mimi simlaumu. Kwangu heri tuseme hipu, tuendelee. Nomino ngeni hujifunza tabia kutokana na vitenzi vinavyoizunguka, na vitenzi ndivyo nilivyokuja kuvipigania.

Tongaren ina kitenzi kizuri zaidi ya kugawa. Mtu asiye na shamba la kutosha hukodi ekari moja au mbili kwa msimu wa mahindi. Analima, anavuna, anarudisha. Mwenyewe anaweza kumkodishia mwingine msimu ujao. Hivyo ndivyo malloc na free zinavyofanya kazi, na hakuna kijana wa hapa atakayeuliza "narudishaje?" Tena makosa yote makubwa ya kazi hii yanajieleza. Kuna programu inayorudisha kipande kisha ikaendelea kukitumia: huyo ni mtu aliyerudisha shamba, mwingine akalikodi na kupanda, naye wa kwanza akarudi usiku kuvuna. Wavamizi wa mitandao huipenda sana hitilafu hii, kwa sababu wakiweza kuwa wapangaji wapya wa kipande hicho, programu itasoma walichokipanda wao ikidhani ni chake.

Na lile kosa la wanafunzi? Wengi hutafsiri kwamba kumbukumbu "inavuja." Mimi nalipinga neno hilo. Kinachovuja hutoka, kikaenda zake. Hapa hakuna kilichotoka. Kipande kimekodiwa, karatasi yenye anwani yake imepotea, aliyekikodi hawezi kukitumia wala kukirudisha, na malloc haiwezi kumpa mwingine maana kwenye daftari kina mwenyewe. Hilo ni shamba lililosahauliwa. Nilimwambia mpwa wangu aandike "kusahau kumbukumbu" aone wanafunzi watasemaje. Alicheka, akasema kumbukumbu iliyosahauliwa ni kitendawili, lakini akaandika.

Liko jambo moja ambalo kukodi hakulimalizi, na hapo inabidi nirudi kwenye ploti ya marehemu baba. Ilipokatwa kwa ajili ya wana, ekari hazikupungua hata moja. Ukijumlisha, ni zile zile. Ila leo ni kanda nyembamba, hapa imelimwa, pale imeachwa, na trekta haina pa kugeukia. Kumbukumbu hupatwa na hali hiyo hiyo. Baada ya saa nyingi za kukodi na kurudisha, nafasi huru inaweza kuwa kubwa kwa jumla na bado ombi moja la wastani likakosa mahali, kwa kuwa hakuna kipande kimoja kinacholitosha. Donald Knuth aliandika juu yake kwa kina katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake cha 1968. Aliweka alama kwenye ncha zote mbili za kila kipande, zikiwa na ukubwa wake na hali yake, ili kinachorudi kijue papo hapo kama majirani wako huru. Aliziita, kwa Kiingereza chake, alama za mpaka. Sikuamini macho yangu nilipoliona jina hilo.

Kwani kwa nini tusivisogeze tu vipande vilivyokaliwa, vikaribiane? Lisp na jamaa zake huweza, kwa sababu mfumo unajua kila mahali anwani zilipoandikwa, ukazibadilisha zote. Katika lugha ya C hauwezi. Programu imeshika anwani yenyewe mkononi, huenda imeinakili mahali pengi, na ukikihamisha kipande wote hao wanapotea. Sisi ndugu tuliwahi kukaa chini kubadilishana vipande ili kila mmoja apate eneo moja zima. Tulikwama kwenye makaburi. Hayo hayahamishwi.

Mpwa wangu alikuwa na swali la mwisho akiwa mlangoni. Mfumo wa Linux, alisema, huwa hautoi nafasi siku ya ombi. Hukubali tu, ukurasa halisi, kwa kawaida baiti 4,096, hutolewa siku programu inapouandikia kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa wengi huomba kuliko wanavyotumia, mfumo huahidi zaidi ya ulivyonacho. Wote wakija kulima siku moja, kumbukumbu huisha, na mfumo huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziendelee. Hilo tuliitaje? Huku kwetu tunajua watu wawili wenye karatasi mbili za ploti moja. Nilimwambia kwa sasa aandike kufurusha, na likizo ijayo aniletee majibu ya darasa.