Kamusi na Makasia: Historia Fupi ya Chama cha Mashua cha Hammersmith

Katika ukingo wa kaskazini wa mto Thames, mtaani Hammersmith, magharibi mwa jiji la London, ipo nyumba ya chama kidogo cha wapiga makasia kiitwacho Furnivall Sculling Club. Jirani yake ipo bustani ya umma yenye jina hilohilo. Apitaye hapo huenda akadhani kwamba Furnivall alikuwa bingwa wa mashindano, au tajiri aliyetoa fedha za kununulia mashua. La. Frederick James Furnivall alikuwa mtu wa kamusi, na kwa sababu hiyo historia ya chama chake yawahusu wanafunzi wa lugha pengine kuliko wapenzi wa michezo. Mgogoro uliokizaa chama hicho ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mgogoro juu ya maana ya neno moja.

Neno lenyewe ni amateur. Wenye kujua Kifaransa hawahitaji kuelezwa: ni mtu apendaye jambo, kutoka neno la Kilatini amator, yaani mpenzi. Kiingereza kililiazima neno hilo mwishoni mwa karne ya 18, nalo likatumiwa kwa mtu afanyaye jambo kwa kulipenda na si kwa kutafuta riziki. Kiswahili cha michezo husema mchezaji wa ridhaa. Huzungumzia hiari ya mtu, wala hakiulizi mikono yake ilikuwa ikifanya kazi gani jana. Waingereza wa karne ya 19 waliuliza.

Ili kuelewa kwa nini waliuliza, yafaa kukumbuka kwamba Thames ulikuwa barabara kuu ya London. Hadi daraja la Westminster lilipofunguliwa mwaka 1750, katikati ya jiji palikuwa na daraja moja tu, na watu walivushwa na wapiga makasia wenye leseni. Wavushaji hao ndio waliokuwa mafundi halisi wa mto. Mashindano yao ya Doggett's Coat and Badge yalianza mwaka 1715, zaidi ya miaka mia moja kabla ya mashindano ya mabwana pale Henley, yaliyoanzishwa mwaka 1839. Mabwana walijifunza mengi kutoka kwa wavushaji. Kisha walitaka kushindana bila wao. Kumtenga mtu anayeshindania fedha ni jambo linaloeleweka. Lakini kanuni iliyotungwa na wasimamizi wa Henley mwaka 1879 ilikwenda mbali zaidi: haikumhesabu kuwa amateur mtu yeyote ambaye ni, au aliwahi kuwa, fundi, msanii wa kazi za mikono au kibarua wa kulipwa ujira. Chama cha taifa cha wapiga makasia, kilichoundwa mwaka 1882, kilishika njia hiyohiyo, na mwaka 1886 kikaongeza kwamba hata afanyaye kazi ya utumishi hakubaliwi. Hivyo seremala ambaye hajapata kupokea hata senti moja kwa ajili ya kupiga makasia hakuwa mpenda mchezo mbele ya sheria, ilhali kijana wa ukoo wa kitajiri, aliyepewa mashua na mwalimu na muda wote wa kufanya mazoezi, alikuwa mpenda mchezo kamili.

Furnivall alizaliwa mwaka 1825 huko Egham, karibu na mto huohuo, mtoto wa daktari wa upasuaji. Alisoma London na Cambridge, akawa mwanasheria, ingawa sheria haikumshika moyo. Alikuwa bado mwanafunzi alipojitengenezea mashua nyembamba ya mashindano, kwa msaada wa mvushaji mmoja wa Thames. Mafunzo yake ya kwanza ya mto, basi, yalitoka kwa watu walewale ambao baadaye wangefungiwa mlango. Mwaka 1854 alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha Working Men's College, chuo cha jioni cha wafanyakazi jijini London. Huko alifundisha Kiingereza, lakini hakuishia darasani. Aliwachukua wanafunzi wake matembezini siku za Jumapili, jambo lililomuudhi mkuu wa chuo, mchungaji F. D. Maurice, aliyeona kwamba siku ya Bwana haikuwekwa kwa tafrija. Furnivall hakumsikiliza. Kwa mfanyakazi wa siku sita kwa juma, Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo.

Katika miaka hiyohiyo kazi yake ya lugha ilikuwa ikikua. Mwaka 1857 yeye pamoja na Richard Chenevix Trench na Herbert Coleridge waliteuliwa na Chama cha Filolojia cha London wakusanye maneno ambayo kamusi za Kiingereza ziliyaacha. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kamusi kubwa ijulikanayo leo kama Oxford English Dictionary. Trench aliweka msingi uliokuwa mgeni wakati ule: mtunga kamusi ni mwanahistoria wa lugha, si hakimu wake. Kila neno lililopata kutumika lina haki ya kuingia, liwe zuri au baya. Coleridge alipofariki mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka 30 tu, Furnivall alishika nafasi yake ya uhariri. Maneno yalikusanywa na wasomaji wa kujitolea, kila mmoja akinakili mifano kwenye vikaratasi na kuvipeleka kwa mhariri. Bila shaka hao ndio waliokuwa amateur kwa maana ya asili ya neno hilo.

Furnivall alikuwa hodari wa kuwasha moto kuliko kuutunza. James Murray alipopokea kazi hiyo mwaka 1879, alikabidhiwa karibu tani mbili za vikaratasi, na ndani ya gunia moja alikuta panya aliyekufa, ndani ya jingine panya hai na watoto wake. Sehemu ya vikaratasi vya herufi P ilibidi kutafutwa Ireland, ambako baadhi vilikuwa vimetumiwa kuwashia moto. Kwa upande mwingine, ni Furnivall aliyeanzisha mwaka 1864 chama cha kuchapisha maandishi ya kale ya Kiingereza, ambacho bila hicho kamusi isingepata mifano ya karne za kati, na mwaka 1868 chama cha kumsoma Chaucer. Alikuwa pia mgomvi wa kutisha: alitupiana matusi hadharani na mshairi Swinburne kwa sababu ya Shakespeare. Wanaomfanya mtakatifu hawajamsoma.

Sehemu ya kwanza ya kamusi, kuanzia A hadi Ant, ilitoka mwaka 1884. Kwa mpangilio wa alfabeti, neno amateur limo. Hapo kwanza ni mtu apendaye jambo, kisha ni mtu alifanyaye kama burudani badala ya kazi ya kipato. Mhariri alikuwa Murray, lakini Furnivall bado alikuwa katibu wa Chama cha Filolojia, na hukumu ya kamusi ilikuwa ya upande wake. Mwaka 1890 alishiriki kuanzisha shirikisho la pili la taifa, ambalo lilimkataa mwenye kushindania fedha lakini halikumkataa seremala wala fundi wa matofali. Kwa zaidi ya miaka 60 Uingereza ilikuwa na mashirika mawili ya mchezo mmoja, yakitengana kwa sababu ya fasili.

Hata hivyo shirikisho hilo jipya lilikuwa la wanaume. Karibu na maktaba ya British Museum, alikokuwa akifanya kazi zake, Furnivall alizoea kwenda katika mkahawa wa chai wa kampuni ya Aerated Bread, barabara ya New Oxford. Wahudumu wake walikuwa wasichana waliosimama kutwa nzima wakibeba sinia, nao ndio aliowaalika mtoni. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 71, alianzisha Hammersmith Sculling Club kwa ajili ya wasichana wa kazi, wa mikahawa na wa maduka. Kulingana na kanuni za mabwana, wasichana hao walikuwa nje ya mlango mara mbili: kwa kuwa ni wanawake, na kwa kuwa kazi yao ni ya utumishi.

Mtindo wao ulikuwa ule ambao kila mtu hushika makasia mawili, moja kila mkono. Jumapili walitoka Hammersmith wakapanda mto hadi Richmond na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 20. Hapo Thames bado hupwa na kujaa, kwa hiyo ratiba haikupangwa na saa bali na maji. Mzee mwenyewe, ndevu nyeupe zikipepea, alikuwa mashuani pamoja nao, naye aliendelea hivyo akiwa na miaka zaidi ya 80. Wapo waliomcheka, na wapo walionong'ona, kwani alikuwa ametengana na mkewe tangu mwaka 1883 na kupenda kwake kuwa pamoja na wanawake vijana kulijulikana. Minong'ono hiyo si ya kupuuzwa na mwanahistoria. Lakini chama alichokiacha hakikuwa chake peke yake: wanaume walipokubaliwa kujiunga mwaka 1901, iliamuliwa kwamba nahodha wa chama awe mwanamke daima, na kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1946.

Furnivall alifariki Julai 1910, kamusi ikiwa bado haijakamilika. Ilikamilika mwaka 1928. Kanuni ya Henley ilimzidi umri. Mwaka 1920 ombi la Mmarekani John B. Kelly, aliyewahi kuwa mwashi wa matofali, lilikataliwa, na miezi michache baadaye alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Antwerp. Mwaka 1936 timu ya Australia ilizuiwa kwa kuwa wapiga makasia wake walikuwa polisi. Aibu ilikuwa kubwa mno, na mwaka uliofuata kifungu cha kazi za mikono kilifutwa. Mashirika mawili yaliungana mwaka 1956. Wanawake walingoja hadi Montreal, mwaka 1976, kupiga makasia katika Olimpiki. Bustani iliyo kando ya nyumba ya chama ilifunguliwa mwaka 1951, na chama kingali pale Lower Mall, wanaume kwa wanawake, maji yakijaa na kupwa mbele yake.