Kobayi: kutoka Afrika, kupitia Andes, hadi jikoni Butembo

Kobayi anayelia jikoni Butembo na Beni akisikia majani yanaletwa, kwingineko huitwa simbilisi. Alifugwa kwanza milimani Andes, Amerika ya Kusini, ambako jamaa yake tukotuko huchimba mashimo na kuishi humo. Lakini mababu wa ukoo wao walitoka Afrika takribani miaka milioni 40 iliyopita, yaelekea wakielea baharini juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko. Safari ya ajabu kweli!

Mtazame mtoto wake: huzaliwa na manyoya, macho wazi, na punde huanza kutafuna. Mguu wa mbele una vidole vinne, wa nyuma vitatu. Kama sisi, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Mpe majani mabichi kila siku.